Macho Yalifunguka, Tukadhani Ameamka

Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda Mei 2022, siku chache baada ya Idi, barabara ya kutoka Muheza kuja Tanga mjini. Alikuwa amepakizwa, hana helmeti. Dereva alivunjika mguu. Yeye hakuvunjika hata kidole. Alikuwa na mchubuko shavuni, damu kidogo sikioni, na amelala. Ndilo neno tulilolitumia wote usiku ule, "amelala", na nadhani makosa yetu mengi yalianzia hapo.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita mteja wangu mmoja (nashona nguo, niko Ngamiani, hapa Tanga) alinipigia simu analia. Mwanawe amegongwa, yuko wodi ya mahututi, na ndugu wamepangiana zamu za kwenda kumwita kwa sauti sikioni ili azinduke. Nilizungumza naye mpaka salio likakata. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale yaliyokatwa na salio.

Mimi si daktari. Biolojia kidato cha nne nilipata D. Ninachokijua nimekijua nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido.

Kipimo cha CT, picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, cha usiku ule kilitoka kisafi. "Hakuna damu kichwani," tukaambiwa, na shangazi akapiga kigelegele pale pale. Siku mbili zikapita, hafumbui jicho. Siku ya tatu tukapewa rufaa ya Dar es Salaam, kilomita kama 350, mafuta ya gari la wagonjwa tukalipa sisi, 280,000. Huko ndiko daktari mmoja kijana alikotuelewesha kwamba picha safi haina maana ya ubongo mzima. Kichwa kikizungushwa ghafla, ubongo huzunguka ndani ya fuvu, lakini pale chini ulipopandikizwa kwenye shina lake hauwezi kuzunguka sana. Nyuzi zinavutika, nyingine zinakatika, nyembamba kiasi kwamba CT haizioni. Tena shina lenyewe limezungukwa na mifupa minene inayotia michirizi kwenye picha. Ilibidi kipimo cha MRI, kinachopiga picha kwa sumaku, na hicho ndicho kilichoonyesha jeraha, sehemu ya juu ya shina. Kama mgonjwa wako haamki na CT ni safi, uliza mapema kuhusu MRI. Sisi tulipoteza siku nne tukisubiri ajiamkie.

Pembeni ya faili lake waliandika 5/15. Nikamuuliza nesi, "Sista, hii ndiyo kusema amefeli?" Hakucheka. Akanieleza kwamba ni kipimo kilichobuniwa Glasgow, kule Scotland, mwaka 1974, kina sehemu tatu: macho alama 4, sauti alama 5, viungo alama 6. Hakuna sifuri, hata maiti anapata 3. Kuanzia 8 kushuka, mtu huhesabiwa amepoteza fahamu kabisa. Wa kwetu alikuwa na 1 ya macho, 1 ya sauti (na angesemaje, na mpira wa mashine ya kupumulia uko kooni?), na 3 ya viungo, maana ukimfinya, mikono ilijikunja kifuani. Sisi tulipoona ile mikono ikijikunja tulilia kwa furaha, tukasema anatusikia. Kumbe ni shina na ubongo vinavyolalamika, hakuwa anatujibu. Dalili ya heri ilikuja siku ya kumi na moja, alipousukuma mkono wa daktari uliokuwa unamfinya. Hiyo ni 5 ya viungo, mtu anajua maumivu yanatoka wapi. Kwa hiyo usiulize jumla tu. Uliza kila sehemu imepata ngapi, andika kwenye daftari na tarehe. Lile daftari langu lilinituliza kuliko mtu yeyote.

Siku moja yule daktari alinikuta nimeketi na mama, akakaa. Akainua kidole gumba. "Mama, shina la ubongo ni kama hiki tu kwa ukubwa." Sehemu ya chini, akasema, inashika pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kukohoa. Hiyo kwa mgonjwa wetu ilikuwa salama kiasi. Ya juu, ndani yake, kuna seli zilizosukwa ovyoovyo kama wavu, na ndivyo wataalamu wa zamani walivyoziita, kwa jina la Kilatini lenye maana ya kiwavu, wavu mdogo. Kila kinachotoka masikioni, machoni, kwenye ngozi, hupitisha tawi lake pale. Kiwavu kinapeleka ujumbe juu, kwenye talamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachogawa habari za hisi) na kwingineko, kuuambia ubongo wote: amka, sikiliza hiki, kile achana nacho. Bila yeye, ubongo wa juu unaweza kuwa mzima kabisa na usiwashwe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, huo si wavu. Hicho ni kifumbu."

Daktari alikuwa mtu wa bara, hakukijua kifumbu. Ikabidi nimweleze: kile kikapu chembamba tunachokamulia nazi, tui lipite, machicha yabaki. Alifurahi kweli, akaliandika. Na mimi tangu siku hiyo nimeyaelewa yote kwa kifumbu. Wakati wa kwanza kifumbu cha mdogo wangu kilikuwa kimeziba, hakipitishi kitu. Baadaye, nitakavyoeleza, kilitoboka, kikawa kinapitisha mpaka machicha. Mwezi wa kifumbu kuziba unatisha zaidi. Miezi ya kutoboka ndiyo iliyotumaliza.

Sasa zile kelele. Tulikuwa tukimwita kwa zamu, kila ndugu dakika zake, wengine wanapiga makofi, binamu mmoja alimwekea simu sikioni inacheza singeli. Tuliamini kwamba sauti ndiyo inayomwamsha mtu, basi sauti nyingi itamwamsha haraka. Daktari akasema tusione haya, wasomi wakubwa nao waliwahi kuamini hivyo. Miaka ya 1930 Mbelgiji mmoja, Frédéric Bremer, alikata shina la ubongo la paka kwa juu, akaona ubongo umebaki usingizini moja kwa moja. Alipokata chini kabisa, shina linapoungana na uti wa mgongo, paka akaendelea kulala na kuamka. Akafikiri ni kwa sababu mkato wa juu umezuia hisi kufika. Ndipo mwaka 1949 Moruzzi, Mwitaliano, na Magoun, Mmarekani, wakatia umeme mdogo kwenye kile kiwavu chenyewe, na mawimbi ya ubongo wa paka aliyesinzia yakageuka kuwa ya aliye macho. Kwa hiyo sauti ni kama mtu anayebisha hodi. Anayefungua mlango yuko ndani, na kama ameumia, kubisha kwa nguvu hakumponyi.

Akatuambia tuendelee kuzungumza naye, lakini mtu mmoja, sauti ya kawaida, tuanze na jina lake, sentensi fupi, kisha tunyamaze. Tena tunyamaze kweli. Nilijifunza kuhesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno la pili, kwa sababu majibu ya kwanza ya mdogo wangu, hata lile la kupepesa jicho, yalikuja nilipofika saba au nane. Ningekuwa naropoka ningeyafunika.

Siku ya kumi na tisa alifungua macho.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Tulipiga simu Tanga, Mombasa, mpaka Muscat aliko mjomba. Mchango uliokuwa umelala kwenye grupu la familia ukaamka. Shangazi akaja na chupa ya uji wa mchele, mwepesi, wa maziwa. Nikamwambia tusubiri tumuulize nesi. Akanijibu, "Mgonjwa haulizwi uji," na kwa kweli hata mimi nilitaka kuamini. Akamlisha vijiko vinne. Vya kwanza viwili vilionekana kushuka. Cha tatu alikohoa kidogo. Cha nne hakukohoa kabisa, na hilo ndilo baya, kwa sababu kilikuwa kimeingia njia ya hewa na kifua hakikupinga. Baada ya siku mbili ana homa, nimonia, tumerudi kwenye oksijeni. Siku kumi na mbili zaidi hospitali na 1,400,000 ambazo hatukuwa nazo. Shangazi hajajisamehe mpaka leo, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na chupa mkononi sina la kumlaumu.

Macho kufunguka ni kazi ya shina. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi, shina likipata nafuu, karibu kila aliyebaki hai hufungua macho, analala usiku, anaamka mchana, hata kama ubongo wa juu bado haujashika chochote. Kufahamu ni jambo jingine. Na kumeza ni jingine tena, lina mahali pake. Usimpe mtu huyo kitu mdomoni, hata maji ya zamzamu kwa kijiko, mpaka apimwe kumeza na anayejua kupima. Mpira wa puani unachukiza kuutazama, lakini uacheni.

Tulijuaje kwamba anafahamu? Kwanza ni harufu. Nesi mmoja mtu mzima aliniambia nilete vitu anavyovijua, ndimu, mafuta yake ya nywele, nipitishe puani bila kumgusa. Nilikuja kusoma kwamba harufu ndiyo hisi pekee isiyolazimika kupita kwanza kwenye talamasi, ina njia yake ya mkato. Kwa ndimu alikunja uso. Siku tatu baadaye macho yakaanza kumfuata mama akizunguka kitanda. Nikaleta kioo kidogo, akajifuata mwenyewe kwenye kioo. Wiki iliyofuata nikamwambia, "Funga macho," nikahesabu, nane, tisa, akafunga. Ningeweza kusimulia kurasa tatu za hiyo "tisa" tu.

Nyumbani tulirudi mwishoni mwa Julai na mtu anayeongea maneno machache, anayetembea akishikwa, na tukadhani sasa ni mazoezi ya viungo tu yaliyobaki. Siku ya kwanza walikuja watu zaidi ya arobaini, nyumba ya vyumba vitatu. Feni inazunguka, watoto, tivii, mwiko unagonga sufuria, kila mtu anasema pole. Ndani ya nusu saa mdogo wangu alikuwa amejifunika mto kichwani, anatapika, halafu akampiga mama kofi. Yeye ambaye hajawahi kumwinulia mtu sauti.

Majirani wakasema ana watu, yaani mashetani. Sitamcheka mtu kwa hilo, maana nami nilitoa 120,000 nikamleta mganga. Ngoma mbili na ubani usiku kucha. Katika mambo yote niliyomfanyia ndugu yangu kwa kumpenda, lile ndilo ningelifuta kama kufuta kungewezekana. Ilibidi wanaume wanne wamshike.

Kifumbu kilikuwa kimetoboka. Wewe unaposoma hapa, ngozi yako inaguswa na nguo, masikio yanapokea pikipiki za nje, na hujali, kwa sababu kuna kazi inafanyika chini kwa chini ya kuzuia lisilokuhusu. Mama anayenyonyesha analala mvua ikipiga bati, lakini kichanga kikiguna anaamka. Kwa mdogo wangu mvua na kichanga vilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa kichanga. Daktari alinieleza kwa simu juu ya doa dogo la buluu lililomo kwenye shina, makumi ya maelfu ya seli tu kati ya mabilioni, lakini nyuzi zake zinafika karibu ubongo mzima zikimwaga noradrenalini, kemikali ya kumweka mtu chonjo. Likienda mwendo wa wastani na kuruka pale tu jambo la maana linapotokea, mtu anatulia kwenye kazi yake. Likiwa juu muda wote, mtu anashtukia kila kitu na hawezi kushika kimoja. Linapumzika usingizini, na usingizi wa ndoto ndio hulinyamazisha hasa. Sasa mtu asiyelala kwa kelele, doa lake litashuka lini?

Basi tukaanza upya. Wageni wawili kwa wakati, dakika kumi na tano, na mama alikaa barazani kama bawabu, akapoteza mashoga zake wawili kwa kazi hiyo. Anayezungumza ni mmoja, redio imezimwa kwanza. Mchana dirisha wazi na jua limwingie, usiku taa zote zimezimwa, kwa sababu ubongo ulioumia unasahau mchana ni upi. Vizibo vya masikio vya duka la dawa, na kofia ya kapelo ndani ya nyumba, mwanga wa dirishani ulikuwa unamchoma. Tulijifunza dalili yake ya kuchoka: anasugua nyusi ya kushoto. Nyusi ikisuguliwa, chochote kinachoendelea kinakatishwa, hata kama ni swala ya mgeni mheshimiwa. Ukingoja mpaka akasirike, siku hiyo imekwisha.

Tatizo kubwa lilikuwa mimi. Nashonea nyumbani, mashine ya umeme na overloki (ya kufunga kingo za kitambaa), na ile overloki kwake ilikuwa kama kuchimba jino. Nilihamia baraza ya jirani kwa 30,000 kwa mwezi, mvua ikinyesha sishoni. Oda ya sare za shule ya Januari nikaikosa. Februari nikaiuza overloki kwa 900,000, zikaenda kwenye deni. Jumla yote, mpaka leo, nimehesabu milioni 7 na ushee, na bima hatukuwa nayo. Watu huandaa fedha ya hospitali. Mwaka wa nyumbani, ambao mtu mmoja au wawili hawazalishi, hakuna anayeuwekea mchango, na grupu la familia limeshahamia kwenye harusi.

Kosa la mwisho nililieleza kwa mteja wangu mara mbili, kwa sababu ni dogo na ni rahisi. Novemba alipata mafua na kujikuna, nikampa vile vidonge vidogo vya njano vya mzio, kila nyumba vipo. Alilala saa kumi na tisa. Tukamrudisha hospitali mbio, tukalipia CT nyingine, kumbe ni vidonge. Vinazuia histamini, na histamini ni mojawapo ya vitu vinavyomweka mtu macho. Inatoka kwenye haipothalamasi, jirani wa juu wa shina. Mzima akivinywa anasinzia kidogo. Aliyeumia pale, taa yake inayumba, nawe unaipuliza. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi alivyoandikiwa na zahanati moja ili "asisumbue": vilimnyamazisha wiki nzima na kumrudisha nyuma mwezi. Dawa yoyote, hata ya kikohozi, muulize kwanza anayemtibu ubongo. Kahawa nayo. Inamwamsha kwa kuzuia adenosini, ile kemikali ya uchovu, lakini uchovu wenyewe unabaki pale pale, na usiku unaharibika.

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenizuia nisifanye kosa la upande wa pili. Nilikuwa nataka kuifanya nyumba kaburi. Akasema kimya kitupu hakifundishi kuchuja, tuanze na sauti moja, ndogo, inayotabirika, isimamishwe kabla hajachoka. Nikaazima cherehani ya mguu ya bibi mmoja mtaani, ile ya zamani, tikitiki-tikitiki, nikaiweka chumba cha mbali. Dakika tano kwa siku. Wiki ya tatu dakika kumi. Kisha mlango wazi. Kisha ukumbini. Kuna wiki tulirudi nyuma, mfano wakati wa uchaguzi wa serikali ya mtaa na vipaza sauti vyake, tukaanza tena kutoka dakika tano.

Mwaka huu amerudi kuuza vocha na kutengeneza simu, nusu siku. Harusi anakwenda, anaondoka wimbo wa pili. Daladala haipandi jioni, anatembea. Hasira imebaki kidogo, na kumbukumbu ya mwezi ule hana kabisa, tukimsimulia anasikiliza kama habari za mtu mwingine.

Ijumaa iliyopita alirudi mchana, akala, akajilaza mkekani ukumbini nilipokuwa nashona. Nina mashine ya umeme tena, nimeinunua kwa mkopo. Nje walikuwa wanashusha mabati. Nilikuwa nimeshamaliza mikono miwili ya gauni ndipo nikashtuka kwamba mashine inanguruma, mabati yanalia, naye anakoroma. Nikaacha kukanyaga pedali. Akaendelea kukoroma. Nikaanza tena, kwa makusudi, kasi yote. Anakoroma. Basi nikamwita, jina lake tu, kwa sauti ndogo kuliko ya mashine.

Akafungua jicho moja. "Nini, dada?"